Barua ya Malalamiko: Vizibo vya Manifoldi Visivyolingana na Lebo Yake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: VIZIBO VYA MATUNDU YA MANIFOLDI VYENYE HESI TOFAUTI NA ILIYOANDIKWA KWENYE PAKITI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua pakiti ya vizibo sita vya shaba ya njano, vinne vya saizi ya 1/8 na viwili vya saizi ya 1/4, ambavyo lebo yake inasema waziwazi kuwa ni vya hesi (meno ya kukazia) ya NPT, yaani hesi ya koni ya Kimarekani inayozidi kuwa nyembamba kuelekea ncha. Vizibo hivyo si vya NPT. Nalalamikia kosa hilo, na zaidi nalalamikia ushauri nilioupata kutoka dawati lenu la ufundi nilipoliripoti, kwa kuwa ushauri huo ndio ulioharibu manifoldi yangu, yaani kile kipande kinachogawa hewa na petroli kwa silinda za injini.

Gari langu ni la zamani, lenye injini ya V8 ya Kimarekani inayotumia kabureta, na manifoldi yake ya alumini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Zamani lilikuwa na giaboksi ya otomatiki, ambayo ilipokea mvuto wa manifoldi (nguvu ya injini kunyonya hewa) kwa bomba jembamba ili itambue injini imeelemewa kiasi gani. Lilikuwa pia na vali ya joto kwenye kisafisha hewa, na swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji karibu na thermostati. Giaboksi sasa ni ya mkono na hivyo viwili vingine vimeondolewa, kwa hiyo yalibaki matundu matatu yasiyo na kazi: mawili ya saizi ya 1/8 upande wa hewa, na moja la 1/4 upande wa maji. Bomba la busta ya breki (kifaa kinachotumia mvuto huo kuusaidia mguu kukanyaga breki) na lile la distribyuta sikuyagusa, kwa sababu hayo yana kazi yake.

Mnajua bila shaka kwamba injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, kipepeo cha kabureta huwa kimekaribia kufunga kabisa, na mvuto ndani ya manifoldi huwa mkali. Upenyo mdogo wakati huo huingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, haikupimiwa petroli, na silinda iliyo jirani na upenyo ndiyo inayoumia kwanza. Ndiyo maana sikutaka kofia za mpira, ambazo hukauka na kupasuka kwa joto la injini, nikachagua vizibo vya kukaza kwa hesi.

Kabla ya kuvifunga, geji ya mvuto ilitulia kwenye inchi 18 za zebaki. Baada ya kuvifunga ilishuka hadi 14 na mshale ukawa unatetemeka, huku injini ikipepesuka kama yenye silinda moja mbovu. Tulipofungua plagi, ya silinda ya 7 ilikuwa nyeupe kama chaki ilhali zote nyingine zilikuwa na rangi ya kahawia. Nilipaka grisi nzito kuzunguka kizibo kilicho karibu na silinda hiyo, nikakaa nikiitazama injini ikiwa inawaka: grisi ilivutwa ndani taratibu ikifuata mzunguko wa hesi, na kwa muda wa nusu dakika hivi muungurumo ukatulia, kisha ukaharibika tena. Upande wa maji haukuhitaji jaribio lolote, kwani asubuhi yake tone la kijani la kipoza injini lilikuwa limening'inia kwenye uso wa kizibo.

Fundi wangu ndiye aliyeshtuka kwanza, tangu siku ya kufunga. Kizibo cha hesi ya koni hutarajiwa kuanza kushika baada ya mizunguko mitatu au minne ya vidole. Hivi vyenu viliendelea kuzama kana kwamba tundu ni pana. Baadaye alileta kipimo cha kuhesabia hesi, kile chenye majani mengi kama kitana. Jani la hesi 27 kwa inchi, ambalo ndilo la 1/8 NPT, lilicheza na mwanga ukapenya chini yake. Jani la 28 lilikaa kimya. Kwa kizibo cha 1/4 tulitarajia hesi 18, tukapata 19. Hizo ni hesabu za hesi ya koni ya Uingereza, BSPT, ambayo pembe ya meno yake ni digrii 55, wakati ya NPT ni digrii 60. Na saizi ya 1/8 ya Uingereza ina kipenyo cha takriban milimita 9.7, ilhali ya NPT inafika 10.3. Kwa macho vinafanana sana, na katika saizi za 1/2 na 3/4 hata idadi ya hesi ni ileile, 14, kwa hiyo naelewa jinsi mtu wa stoo anavyoweza kuchanganya. Lakini kazi ya lebo ni kumwondolea mteja mashaka hayo.

Kosa la kupakia ningelivumilia. Nilipopiga simu na kueleza kuwa vizibo vinavuja, mhudumu wenu wa ufundi hakuniuliza hata swali moja kuhusu hesi. Aliniambia niongeze tepu nyeupe ya kuzibia hadi mizunguko mitano au sita, kisha nikaze "mpaka kigome kabisa". Fundi alikataa, mimi nikakaza mwenyewe, na sehemu hiyo ya lawama naibeba. Hata hivyo nilikuwa nafuata maelekezo ya kampuni iliyoniuzia kifaa. Tepu haiwezi kusahihisha meno yasiyokutana, na kizibo cha koni kikikazwa kupita kiasi hufanya kazi ya kabari ndani ya alumini. Tulipokifungua kile cha silinda ya 7 kilitoka na nyuzi za alumini zikiwa zimeng'ang'ania kwenye meno yake, na vipande vya tepu tukavikuta ndani ya njia ya hewa, hatua moja tu kabla ya vali.

Tundu hilo sasa halishiki kizibo chochote cha 1/8, hata cha NPT halisi. Fundi anaweza kulipanua na kulichonga upya kuwa 1/4 NPT, kwa kuwa alumini inayolizunguka ina unene wa kutosha, lakini manifoldi italazimika kung'olewa ili chembe za kuchonga zisiingie kwenye injini, jambo linalohitaji gasketi mpya na kumwaga maji yote. Tundu la maji limepona kwa sababu sikulikaza mara ya pili.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee fedha zote za pakiti, mlipe gharama ya kung'oa manifoldi, kuchonga tundu na kununua gasketi, kama inavyoonekana kwenye makadirio ya fundi niliyoyaambatisha, na mnitumie vizibo vya NPT vilivyopimwa, si vilivyosomwa lebo tu. Naomba pia mkague pakiti zilizosalia stoo zenye namba ya shehena iliyomo kwenye picha, na mwaarifu waliokwisha kuzinunua, hasa wale ambao huenda wameziba kwa vizibo hivyo tundu jirani na bomba la busta ya breki: mvuto ukipungua hapo, pedali huwa ngumu mguuni. Mhudumu wenu naye aelekezwe kumuuliza mteja aina ya hesi ya tundu lake kabla ya kumtajia tepu.

Nimeambatisha risiti, picha za kipimo kikiwa juu ya vizibo, na picha ya tundu lililoharibika. Vizibo vyenyewe ninavyo, bado vina alumini kwenye meno, na nitavikabidhi kwa mtu mtakayemtuma kuvikagua. Gari limesimama. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu