Barua kwa mwanangu anayekwenda Duisburg

Mwanangu Rehema,

Hapa nyumbani hatujambo. Kwa kuwa unakwenda Duisburg, Ujerumani, kujifunza kazi ya vyombo vya mtoni, nakusisitizia jambo moja: kabla ya kontena na kreni, jua kusoma maji.

Mji huo uko pale Mto Ruhr unapoingia Rhine, na bandari yake ya Ruhrort ilianza mwaka 1716. Madini ya chuma hupanda kutoka Rotterdam, tagi moja (meli ndogo yenye nguvu) ikisukuma matishari hadi 6, kulisha matanuri ya huko.

Namba ya kipimo cha maji si kina cha mto. Ukipakia kwenda Mannheim au Basel, kinachokubana ni kipimo cha Kaub, mji ulio mbali juu ya mto, penye maji haba. Kaub ikisoma sentimita 80, ongeza kama 112, kwa kuwa sifuri ya kipimo haiko kwenye sakafu ya mto: kina ni 192. Tuseme umeacha 30 kati ya kitako cha chombo na sakafu ya mto. Chombo kizame 160 tu. Chombo cha mita 110 kikiwa kitupu tayari kinazama kama 120. Zimebaki 40, na kila sentimita 10 ni tani 100 na ushei. Basi chombo cha tani 3,000 kinaondoka na 400 na kitu! Oktoba 2018 Kaub ilishuka hadi 25 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Na zile 30 usizile kwa tamaa ya mzigo. Kwenye maji haba, chombo kikiongeza kasi huzidi kuzama, kikagusa changarawe.

Maji hayo hayo yaliwahi kuitesa bandari yenyewe. Rhine ulikuwa ukijichimba chini, uso wa maji ukashuka, mabeseni ya bandari yakabaki na kina kidogo. Kuchimba kote na kujenga kuta upya kungegharimu mno. Miaka ya 1950 na 1960 wakatoa makaa ya mawe chini ya bandari kwa mpango maalumu, ardhi ikashuka polepole karibu mita 2, pamoja na maghala na reli zake. Ugumu ulikuwa kushusha kwa usawa: upande mmoja ukitangulia, kuta zinapasuka. Nauheshimu sana uhandisi ule.

Ruhrort utaikuta Oscar Huber, tagi ya mvuke ya mwaka 1922 yenye magurudumu ubavuni. Ingia hadi chumba cha injini. Halafu nenda Meiderich, kwenye kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985. Tanuri namba 5 unaruhusiwa kulipanda. Vaa viatu visivyoteleza, ngazi ni za chuma.

Mama yako.