Shukrani kwa fundi wa simu wa Kariakoo

Kaka, jina lako sikuuliza, nilikuwa nimechanganyikiwa. Mimi ndiye yule dada wa Mazda Verisa, niliyekuja jasho likinitiririka, mkononi kadi ya gari, ile ya kufungulia milango badala ya ufunguo, imegoma. Betri yake nilishabadilisha mara mbili, na duka moja likaniambia dawa ni kuagiza kadi mpya Japani. Wewe uliibandua taratibu kwa kiwembe, ukaiinamia na lenzi jichoni, ukaniita: "Dada, hebu ona hapa." Ufa mwembamba kama unywele, pale kishikio cha betri kilipolehemiwa. Tone la risasi ya kulehemu, gundi kidogo, basi. Elfu tano tu! Milango sasa inaitika. Ukaniuliza kama huwa naiweka mfuko wa nyuma na kuikalia. Nikaona aibu, maana kweli naikalia. Ahsante sana, kaka yangu. Jumamosi nakuletea chapati.