Kabla hujalipia beringi, isikilize mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Tanga wenye mashine za kufulia majumbani, na mafundi wanaozitengeneza nao wasikie. Siku hizi mashine ikinguruma tu, jibu la fundi ni moja: "Beringi imekufa." Mwenye nyumba hajui beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayobeba ekseli ya pipa, ikoje wala inakaa wapi, anatoa hela. Mashine inapakiwa kwenye bajaji, inalala kwa fundi siku kadhaa, inarudi imepanguswa vizuri inang'aa, na kelele ni ileile.

Mimi nilikuwa fundi mitambo katika karakana ya shamba la mkonge, njia ya Korogwe, hadi nilipostaafu. Korona, yaani mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, ikigoma, kazi ya shamba zima inasimama na majani yaliyokwisha kukatwa yanazidi kukauka, kwa hiyo hatukuruhusiwa kubahatisha. Mkuu wetu wa karakana alitufundisha kugusisha ncha ya bisibisi pale beringi inapokaa, mpini ukauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ukasikia ndani kuna nini kabla hujashika spana. Nyumbani huhitaji kufika huko. Inatosha ujue mashine inalia wakati gani: inapofua, inapotoa maji, au inapokamua. Fundi asiyekuuliza hilo kwanza, mimi singempa mashine yangu.

Mpwa wangu anayekaa Mikanjuni alinunua mashine mpya, ya mlango wa mbele. Siku ileile, ilipofika kwenye kukamua, ikaanza kurukaruka, ikahama ukutani hadi karibu na mlango wa jikoni. Fundi akaitwa, akasema beringi, na bei akataja. Beringi ya mashine iliyotoka kwenye boksi asubuhi! Aliponipigia simu nikamwambia aizime, achomoe waya, aangalie mgongoni.

"Naona vichwa vya bolti, Mjomba. Vinne. Vina plastiki kuvizunguka."

Basi, ugonjwa ndio huo. Pipa la mashine hizi halikukazwa kwenye bodi. Linaning'inia kwa springi kutoka juu, na chini linashikiliwa na shokapu, ili likamue huku likiyumba bila kuitikisa bodi. Kiwandani wanalifunga kwa bolti hizo lisije likajigonga njiani. Usipozitoa, pipa linazunguka mara 1,000 na zaidi kwa dakika, na mtikisiko wote unahamia kwenye bodi na sakafu. Alizifungua kwa spana, akaziba matundu kwa vifuniko vilivyokuja na mashine, kazi ikaisha. Bolti nilimwambia azihifadhi kwenye mfuko pamoja na karatasi za dhamana, maana siku atakayohama atazihitaji.

Kwa mashine za mtumba mambo yanageuka. Hizo bolti zake zilishapotea hukohuko Ulaya au Dubai. Mashine inapandishwa lori Dar es Salaam, inaletwa Tanga pipa likiwa huru, na kila tuta linapigwa. Springi inachomoka kwenye ndoano yake, au lile jiwe la zege lililofungwa kwenye pipa kulipa uzito linalegea au kupasuka. Ukiisikia inagonga du, du, du tangu inapoanza kukamua, tena umeinunua mtumba, anzia hapo. Na ukienda kuinunua, usukume pipa kwa mkono: liyumbe, lirudi, litulie. Likiendelea kucheza baada ya kuliachia, shokapu zimechoka.

Jambo la sakafu watu wengi hulidharau. Nyumba zetu za Ngamiani na Makorora, mashine mara nyingi huwekwa bafuni kwa sababu ndiko maji yanakotoka. Lakini sakafu ya bafu ilijengwa kwa makusudi iinamie kwenye tundu la maji machafu! Mashine hapo lazima itasimama kwa miguu mitatu, wa nne unapiga hewani. Watu huweka kipande cha boksi, kikilowa kinabonyea, kelele inarudi. Miguu ya mashine imetiwa nyuzi, inazungushwa ikapanda na kushuka. Weka pima maji juu ya mashine, kwa urefu na kwa upana. Ukishasawazisha, kaza ile nati ndogo ya mguu kuelekea juu kwenye bodi, vinginevyo mtikisiko utaulegeza mguu tena. Kisha bonyeza kona moja moja kwa kiganja. Isicheze.

Sasa nije kwenye mashine za mapipa mawili, upande wa kufulia na upande wa kukamulia, maana ndizo zilizojaa mitaani kwetu. Hazina haja ya bomba, unamimina maji kwa ndoo. Hizi kelele yake kubwa iko kwenye pipa la kukamulia, na mara nyingi sana si ugonjwa. Mtu anatupa humo blanketi moja lililolowa, limekaa upande mmoja, au kanga zimejisokota zikawa fundo. Nguo zipangwe kuzunguka pipa pande zote, zikandamizwe, halafu kile kifuniko chembamba cha plastiki kiwekwe juu yake. Wengi wamekitupa. Kilitengenezwa kwa sababu: bila hicho nguo inapanda juu, inatoka, inajizungushia chini ya pipa, na hapo mota inavuma haizungushi kitu.

Ukiwa umepanga vizuri na bado inajigonga ukutani, ilaze ubavu baada ya kuchomoa waya na kumwaga maji yote, uangalie chini. Mota ya kukamulia imekalia springi tatu. Moja ikikatika kwa kutu, na kutu huku pwani hatukosi, pipa linaegemea upande. Angalia pia waya wa breki. Ukifunua mfuniko, breki inashika. Ukiufunga, waya unaivuta breki iachie. Waya ukilegea, breki haiachii yote, inasugua muda wote. Utasikia mlio mwembamba wa kukwaruza na harufu ya kuungua. Hiyo fundi akiiita beringi, anakudanganya. Na ukiwa hukohuko chini, tazama kama panya hajala nyaya. Chini ya mashine hizi pako wazi, na panya wa Tanga hawahitaji kukaribishwa.

Kama inakwaruza upande wa kufulia, kuna skrubu katikati ya ile sahani inayozungusha nguo. Fungua, inua sahani, utakuta sarafu au kifungo. Za mlango wa mbele zina chujio la pampu chini mbele, nyuma ya kijifuniko. Mashine inayotetema na kutatarika wakati wa kutoa maji, hapo ndipo pa kwanza kutazama. Usifungue ikiwa imetoka kufua kwa maji ya moto, na weka beseni na tambara kwanza, kwani maji yaliyobaki yatamwagika. Tangu shilingi mia tano ilipotolewa kwa sarafu mwaka 2014, mifuko ya suruali zetu imekuwa mizito, nami nimezitoa kwenye machujio ya watu pamoja na misumari, vibanio vya nywele na, wanisamehe wanaosomea gazeti mbele ya wakwe, nyaya za sidiria. Ila pampu kunguruma kidogo mwishoni maji yanapokwisha si kasoro. Inavuta hewa.

Beringi nazo hufa, sikatai. Dalili yake ni mvumo unaoanza kidogo kisha unapanda kadiri kasi ya kukamua inavyopanda, mpaka jirani anadhani ndege inataka kuruka. Zima, chomoa waya, acha pipa tupu, ulizungushe kwa mkono. Lililo zima linazunguka laini. Bovu linakwaruza na kusuasua. Kisha shika ukingo wa pipa la ndani, lile la nguo, uliinue. Likinyanyuka pamoja na la nje linaloshika maji ni sawa, ndivyo yanavyoning'inia. La ndani likicheza peke yake ndani ya la nje, beringi imekwisha. Mara nyingi kilichotangulia kufa ni sili, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi. Ilipitisha maji, maji yakaosha grisi, kutu ikaingia. Kwa hiyo ukibadilisha beringi bila sili, umejipa kazi ya kurudia.

Msiuziwe beringi kwa jina la mashine. Beringi ina namba, imechongwa pembeni. Nyingi za majumbani ni 6204, 6205 au 6206. Hiyo 6205 ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje milimita 52, iwe imo kwenye mashine ya kufulia au kwenye mota ya pampu ya maji. Andika namba, nenda duka la beringi mwenyewe, ulinganishe bei. Lakini ulizeni mapema: mashine nyingine pipa lake la plastiki limeunganishwa moja kwa moja kiwandani, halifunguki bila kukatwa, na hapo gharama inaweza kuwa kubwa kuliko mashine yenyewe.

Kwa wauzaji ninaomba jambo dogo. Mkimkabidhi mtu mashine mpya, mwonyesheni bolti za nyuma. Kile kijitabu cha lugha saba ambazo hajui hata moja hakimsaidii.

Na kwa wenye mashine: fundi aifungue mbele yenu pale inapowezekana, na chochote alichokitoa mdai mrudishiwe. Beringi ya zamani ukiipata mkononi, izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, mlipe haki yake. Ikizunguka laini kimya, muulize hela anayoitaka ni ya kazi gani.

Fundi mitambo mstaafu,
Makorora, Tanga