Pafyumu ya ngozi msiihukumu kwa karatasi

Mhariri, naomba kanafasi kadogo gazetini. Ukurasa wenu wa urembo wiki iliyopita mwandishi kasema pafyumu za ngozi, yaani zile zenye harufu ya ngozi ya viatu na mikoba, zote zinanuka moshi na dawa, alipuliza kwenye vikaratasi akanusa akamaliza kazi. Jamani! Karatasi haina joto, haina mafuta wala jasho, sasa itakwambiaje habari za kitu kitakachokaa mwilini kutwa nzima?

Mi yangu najipulizia saa mbili asubuhi na kusema ukweli dakika za mwanzo hata mwenyewe sijipendi. Spiriti inapanda puani, inafuata ukali wa ndimu hivi, halafu chini yake moshi, kama vile fundi viatu kafungua kopo la gundi pembeni ya jiko la kuni. Ile ndimu ni nyepesi, inapaa mapema, nusu saa nyingi umebaki na moshi mtupu na hapo ndo wengi wanakimbilia kunawa.

Halafu watu wanadhani kuna mkoba umekamuliwa humo ndani, hapana, ngozi ya kwenye chupa ni ya kutungwa. Moshi unatoka kwenye lami ya magome ya betula, mti wa nchi za baridi, na Warusi zamani ngozi zao walikuwa wanazipaka mafuta ya mti huohuo ndo maana pua zetu zinasema ngozi. Ule uchungu kama wa majani mabichi ni isobutili kwinolini, kitu cha maabara, ile pafyumu ya Bandit aliyoitunga Germaine Cellier mwaka 1944 imejaa hiyo na mpaka leo kuna wanaoiogopa.

Sasa subiri saa sita mchana. Kiswahili chetu zote tunaziita ngozi, ya ng'ombe na yangu, na mchana kweli sizitofautishi tena, moshi umelala, uchungu umepungua, imebaki harufu kama mkanda wa saa uliovaliwa miaka. Shingoni kwenye joto inawahi kufika huko, mkononi inachelewa. Mwenye ngozi kavu yeye itamkimbia mapema, apake losheni isiyo na harufu kwanza.

Jioni ndo utamu wenyewe, labdanamu, yaani utomvu wa kichaka fulani, na vanila kama imewekwa, vizito hivyo haviondoki haraka, nageuza shati nalinusa kama mwehu.

Ila kuna mtego, kufika saa nane mchana hivi pua yako inakuwa imeshaizoea unadhani imeisha, unaongeza mipulizo mitatu, kumbe wenzio kwenye lifti wanakufa. Mi nishafanya hivyo, mtu ofisini akafungua dirisha bila kusema neno. Siku hizi nikiwa na wasiwasi namuuliza mtu.

Kwa hiyo namwomba dada yetu wa urembo arudie, safari hii apulize mkononi, pulizo moja tu, aende nayo kazini na arudi nayo, na kila anapoandika inanukaje aandike na saa. Akifika usiku bado anasikia dawa, basi haimfai na mi sitabisha.

Msomaji wenu wa kila wiki