MALALAMIKO: Nimelipia rejeta ya hita, nimefungiwa kipande cha mpira

Njombe,
14 Julai 2025.

Meneja wa Huduma,
Gereji yenu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MERCEDES-BENZ 240D YA MWAKA 1982 – HITA ILIYOLIPIWA NA HAIKUFUNGWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei niliwaletea gari langu kutoka huku Njombe. Ugonjwa wake ulijulikana hata kabla ya kufungua boneti. Zulia la upande wa abiria lilikuwa linalowa. Kioo cha mbele kilishika utando wa mafuta kwa ndani, ukiupangusa kwa kitambaa unasambaa tu. Ndani ya gari palinuka utamuutamu kama sharubati iliyosahaulika, na maji ya rejeta yalipungua bila tone hata moja kuonekana chini ya gari. Kwa aliyewahi kukaa na gari la zamani hiyo si ramli: ni ile rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi, imetoboka. Kijana wenu wa mapokezi alikubaliana nami, akaandika kwenye fomu ya kazi: "Rejeta ya hita inavuja, ibadilishwe." Fomu ninayo.

Siku ya kuchukua gari nilipewa ankara ya Sh 830,000 nikalipa yote palepale. Rejeta ya hita, mpya, Sh 420,000. Kufungua na kufunga dashibodi, Sh 350,000. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, Sh 60,000. Sikubishania bei ya ufundi, maana naijua kazi yenyewe. Kwenye hizi Benzi za W123, aina ya hili gari langu, huwezi kuifikia rejeta ya hita kwa kupenyeza mkono. Utoe kwanza saa za mbele, ufungue kijibomba chembamba kinachopeleka oili hadi kwenye geji ya presha, utoe mbao za katikati na redio, ndipo uinyanyue dashibodi nzima bila kuipasua, na plastiki ya miaka arobaini inapasuka hata kwa kuitazama. Fundi anayeifanya vizuri anastahili pesa yake.

Fundi wenu alinikabidhi pia kile alichosema ni rejeta ya zamani, imefungwa kwa gazeti, "ili mzee uamini." Nikamshukuru, nikaitupia kwenye buti.

Kutoka Dar hadi Mikumi gari lilikwenda, ila mshale wa geji ya joto ulilala chini ya 80, jambo ambalo gari hili halina desturi nalo. Mlima Kitonga ndio uliosema ukweli. Wanaoijua njia ile wanajua hakuna pa kujibanza: kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yanayokwenda Zambia yanatambaa mbele yako. Nikiwa gia ya pili mshale ukaanza kupanda. Ukafika 100, ukaelekea kwenye nyekundu. Hapo dereva wa zamani ana jambo moja la kufanya: anafungua hita hadi mwisho na feni kwa kasi yote, hata kama jua ni la kuchoma utosi. Hita ni rejeta ya pili. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inayapunguzia joto, na injini inapata nafuu kidogo ya kufika juu.

Nikafungua. Nikaweka kiganja kwenye matundu ya chini ya kioo. Ukatoka upepo wa baridi kabisa.

Injini inachemka, hita inapuliza baridi. Kwa kawaida maana yake ni kwamba maji yamekwisha, na injini iliyokwisha maji haihitaji hata dakika tano kuharibika. Nilipopata upenyo wa kuegesha nikazima, nikaweka matawi barabarani, nikasubiri hadi kifuniko kikaweza kushikika. Maji yalikuwemo. Ndipo nikaanza kufuatilia mipira ya hita kwa mkono, kuanzia pale inapotokea nyuma ya silinda hedi. Mpira unatoka pale, unapinda kama kiwiko, unarudi moja kwa moja kwenye bomba la kuelekea wota pampu. Haukwenda popote karibu na hita. Na yale mabomba mawili yanayoingia kwenye ukuta wa injini kuelekea hita yalikuwa yamevalishwa vipande vya mpira wa kukata kwa kisu, kila kipande kimesokomezwa boliti mdomoni na kukazwa klipu. Boliti moja ilikuwa na kutu, ya kuokotwa. Klipu tu ndizo zilizokuwa mpya.

Nilipiga simu palepale mlimani. Fundi wenu hakukana. Alisema, na maneno haya nayanukuu kwa sababu hata abiria wangu aliyasikia: "Mzee wangu, hita ya nini nchi yenyewe joto? Tumeku-bypass ili usisumbuke tena." Nilipomuuliza kuhusu pesa ya rejeta mpya na ya dashibodi, mtandao ukawa mbaya.

Ndugu Meneja, kwa Dar es Salaam sikatai, hita ni pambo. Lakini mteja wenu aliwaandikia anatoka Njombe. Mji huu uko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti watu wanatembea na makoti mchana, na ng'ambo ya hapa, Makete, kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Ukitoka Mafinga kuja Makambako ukungu unaweza kukufunika usione taa za lori hadi ulisogelee. Katika hali hiyo hita si ya kumkanda dereva miguu. Ndiyo inayokausha kioo kwa ndani. Nimeendesha vipande vya barabara hiyo mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapangusa kioo kwa taulo, mke wangu akiniambia "lori, lori." Sitaki kuirudia safari hiyo.

Nilipofika nyumbani nilimwita mzee mmoja fundi wa hapa mjini aliyezitengeneza Benzi hizi tangu zikiwa mpya. Alitoa saa za mbele kwa vidole tu, akamulika tochi. Vumbi lililokuwa nyuma ya dashibodi lilikuwa limelala kama lilivyolazwa na miaka. Skrubu zake hazikuwa na alama ya bisibisi iliyogusa juzi wala jana. Rejeta ya hita ya zamani ilikuwa palepale, na kwenye kiungio chake umejikusanya ukoko wa kijani wa kulanti iliyokauka. Yaani ile iliyotoboka, niliyolipia itolewe.

Kile kitu cha kwenye gazeti basi ni nini? Tukakileta mezani. Ni rejeta ya hita kweli, lakini ni ya gari la Japani. Maandishi ya Kijapani yamegongwa ubavuni, na mabomba yake hata ukiyapinda hayawezi kuelekea kwenye matundu ya Benzi. Mzee alicheka hadi akaketi. Mimi sikucheka, ingawa nakiri fundi wenu alijisumbua kutafuta ushahidi.

Kuna la pili, na kwangu ni baya kuliko la kwanza. Mzee alifungua nyumba ya themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, akaikuta tupu. Nimempigia tena fundi wenu, akasema waliitoa "ili gari lisichemshe." Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu najua mazoea haya yapo katika gereji nyingi na yanaua injini. Themostati ya injini hii ya OM616 inaanza kufunguka ikifika nyuzi 80 za selsiasi, na ina kazi mbili. Upande mmoja inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Upande wa pili ina kisahani kinachoziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Kwenye tambarare, au asubuhi ya baridi, injini haipati joto lake. Dizeli inaungua vibaya, moshi unatoka na silinda zinalika. Ukipanda mlima na mzigo, sehemu ya maji inazunguka kwenye njia ya mkato ikiwa ya moto vilevile, wakati rejeta iko pale mbele inasubiri kazi. Ndiyo sababu mshale wangu ulilala Mikumi ukaamka Kitonga. Walichokitoa ili gari lisichemshe ndicho kilicholichemsha.

Na kulanti ya Sh 60,000? Tulipofungua koki ya rejeta yalitoka maji ya bomba, tayari yana rangi ya kutu. Bloku na hedi ya injini hii vyote ni chuma cha kalibu. Maji matupu yanavila kutoka ndani, kisha kutu hiyo inakwenda kuziba vijishimo vya rejeta. Isitoshe, kwa mwinuko wa Njombe maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Presha ya kifuniko inasaidia, lakini kifuniko kikichoka kidogo tu umebaki na ukingo mwembamba sana kati ya themostati kufunguka na maji kuchemka.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na kuunganisha mipira peke yake. Hita ikipasuka porini, fundi wa kijijini akiunganisha mipira miwili ufike nyumbani, huyo amekuokoa na unamlipa soda na ahsante juu. Mngenipigia simu mkasema, "Mzee, rejeta haijapatikana, tumeiruka hita kwa muda, tulipe mpira na klipu," ningelipa, ningerudi polepole, na leo tungekuwa marafiki. Mlichofanya ni kuandika kwenye ankara kazi isiyofanyika, kuuza kitu kisichokuwepo, na kunipa cha gari lingine ili nisiulize.

Msiniambie pia kwamba spea hazipatikani, kama alivyodai kijana wa mapokezi nilipompata baadaye. W123 zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu milioni 2.7. Si gari la makumbusho. Kiwanda chenyewe bado kinauza spea za magari yake ya zamani, na wako watengenezaji wengine wanaotoa rejeta za hita za aina hii hadi leo. Zinachukua muda kufika, hilo ni kweli, na nilishasema mapema kwamba naweza kusubiri.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 830,000 zote, kwa njia ileile ya benki niliyolipia. Mnitumie themostati yangu iliyotolewa. Haikuwa mbovu, niliifunga mwenyewe mwaka jana, na kama imeshauzwa au kutupwa mlipe mpya ya aina ileile. Gharama ya fundi wa Njombe ya kukagua, kuosha mfumo wa maji na kutia kulanti sahihi ni Sh 145,000, risiti yake nimeiambatanisha, nayo ni yenu. Sitaki mnifungie hita bure kama fidia. Gari hili halirudi kwenye gereji yenu. Rejeta nitaagiza mwenyewe na dashibodi ataitoa mzee, taratibu, kwa wiki nzima kama itabidi.

Kuhusu gasketi ya silinda hedi, hadi sasa hakuna dalili kwamba imeungua: oili haijageuka maziwa, wala mapovu hayatoki kwenye maji injini ikiwa inanguruma. Lakini hedi iliyopata joto la Kitonga inaweza kusubiri kabla ya kuonyesha madhara. Nataka mkiri kwa maandishi kwamba gari liliondoka kwenu likiwa halina themostati, ili tatizo likijitokeza ndani ya miezi sita tusianze kubishana upya.

Nimeambatanisha nakala ya fomu ya kazi, ankara, risiti ya EFD, picha za mipira ilivyounganishwa, picha ya nyumba tupu ya themostati, picha ya vumbi nyuma ya dashibodi, na picha ya rejeta ile ya Kijapani ikiwa kando ya mabomba ya Benzi ili mpime wenyewe kwa macho. Rejeta yenyewe ninayo. Mkiihitaji kwa ajili ya mwenye gari ilimotolewa, mseme, nitaipakia kwenye basi, nauli ya mzigo mtalipia mkiipokea.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi kabla ya tarehe 31 Julai 2025. Simu sitapokea, kwa sababu za mtandao ambazo fundi wenu anazifahamu. Ikipita tarehe hiyo nitapeleka faili hili Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na nakala ya ankara yenu itakuwa ukurasa wa kwanza.

Wenu,

Mteja mwenye Benzi 240D, Njombe.