Kwa mpwa wangu, afisa asiye na kikosi

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu, anasema umenuna. Cheo umepata, lakini badala ya kukabidhiwa kombania unapelekwa kuwa afisa kiungo kwenye makao makuu ya jeshi la nchi nyingine. Unaona umefanywa tarishi.

Nataka nikusimulie habari za Jenerali Waldemar Erfurth, Mjerumani, mzaliwa wa Berlin mwaka 1879. Juni 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, alipelekwa kuwa afisa kiungo Mikkeli, mji mdogo wa Finland, ambako Mannerheim, kamanda mkuu wa jeshi la Finland, alikuwa ameweka makao makuu yake ndani ya jengo la shule. Alikaa huko miaka mitatu na ushee. Jenerali mzima, na hakuna kikosi hata kimoja kilichosubiri amri yake! Askari wa Kijerumani waliokuwa Lapland, kaskazini mwa Finland, walikuwa na kamanda wao, na Wafini walimsikiliza Mannerheim tu. Yeye alibaki na kueleza, kuuliza na kubembeleza.

Usidhani hiyo ni kazi ndogo. Agosti 1941 Keitel, mkuu wa kamandi kuu ya majeshi ya Ujerumani, aliandika kuwataka Wafini wasukume mashambulizi kuelekea Leningrad, mji wa Wasovieti. Mannerheim akakataa. Baadaye likaja suala la reli ya Murmansk, iliyopitisha misaada ya Waingereza na Wamarekani kwenda kwa Wasovieti. Wajerumani waliitaka ikatwe, Mannerheim akasogeza siku mpaka jambo likafa. Mtu wa kusoma kusitasita kule, kutambua "tutaona" ipi ni ndiyo na ipi ni hapana, alikuwa huyo asiye na kikosi.

Simsifu, nielewe vizuri. Alitumikia jeshi la Hitler, na mji ule wa Leningrad, ambao aliwaombea wakubwa wake msaada wa kuubana, ulipoteza mamia ya maelfu ya watu kwa njaa. Adabu ya mjumbe haisafishi ujumbe. Kwa hiyo kabla hujafunga begi, jiulize unakwenda kuwaombea nini wakubwa wako.

Sasa fikiria tarehe 2 Septemba 1944. Finland imeamua kuvunja uhusiano na Ujerumani, na Erfurth anakabidhiwa barua ya Mannerheim kwa Hitler. Mannerheim anaeleza kwamba Ujerumani itaendelea kuishi hata ikishindwa, lakini taifa hili la watu wasiozidi milioni 4 likishindwa linaweza kufutika, naye hawezi kuwatia watu wake katika hatari hiyo. Wanajeshi wa Kijerumani, kama laki mbili, walitakiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 15. Hawakuwahi. Wafini na Wajerumani wakapigana wao kwa wao, na Oktoba mji wa Rovaniemi ukateketea.

Miaka mitatu ya kukaa karibu na mtu, kisha unapewa karatasi moja ukaipeleke kwenu. Ukifika huko uniandikie. Niambie wanakukalisha wapi mkutanoni, na nani anakaa kimya wenzake wanapozungumza.

Mjomba wako