Helmeti ya laki tatu, mtu wa kawaida anaihitaji kweli?

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji mmoja aliyesema vifaa vya usalama vya pikipiki vya bei mbaya ni mbwembwe za wenye hela, eti helmeti ya laki tatu na ya elfu ishirini zote plastiki tu na siku yako ikifika imefika. Kusema kweli nusu ya barua yake nakubaliana nayo. Ile nusu nyingine ndo imenikalisha niandike, maana vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu huku Mbezi wametumiana ile barua kwenye simu na wameipenda kweli kweli, si inawapa ruhusa ya kutonunua kitu!

Hilo la siku ikifika tulimalize haraka. Mtu anayeamini hivyo mbona usiku anafunga mlango na komeo? Kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakaona helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Haiondoi kifo, inapunguza, na kwa mtu mwenye watoto kupunguza siyo kitu kidogo.

Sasa bei. Watu wakifika dukani wanaangalia ganda la nje, rangi, michoro, kioo cheusi. Kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu jeupe la ndani, kama lile linalokuja kwenye boksi la tivii mpya, kichwa kikigonga lami linabonyea na kumeza mshindo ambao ungeenda moja kwa moja kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi tena, ndo maana helmeti iliyokula mzinga mara moja ni ya kutupa hata kama nje inang'aa. Nenda Kariakoo uchukue zile za bei ya chini kabisa zilizotundikwa nje ya maduka ya spea, funua kile kitambaa cha ndani (mwenye duka atakununia, funua tu), ubonyeze na kidole gumba. Nyingine ndani utakuta sponji, sponji laini ya godoro kabisa, povu hakuna. Hiyo ni ya kumridhisha trafiki tu, na stika ya ECE au DOT (alama za viwango vya Ulaya na Marekani) iliyobandikwa nyuma isikutishe, stika mtu yeyote anachapisha.

Ila pale anaposema bei kubwa siyo usalama mkubwa, hapo ana haki yake. Waingereza tangu 2007 wana mpango wa serikali unaitwa SHARP, wanazigongesha helmeti maabara alafu wanazipa nyota kuanzia moja mpaka tano, na zipo za bei ya chini zilizopata nyota tano na za bei ya kutisha zilizoambulia mbili tatu. Lakini asikimbilie kushangilia. Hata hiyo ya bei ya chini ya kule ilishapita kipimo cha kisheria kabla haijafika dukani, kwahiyo ya chini yao siyo ya chini yetu. Hela ya juu zaidi ya hapo mara nyingi inanunua wepesi, upepo kupita vizuri, kelele kupungua na kioo kisichoshika ukungu asubuhi ya mvua. Ni vitu vizuri, na dereva anayevaa tangu alfajiri mpaka usiku shingo yake itamshukuru, ila asidanganywe kwamba kila laki anayoongeza inaongeza uhai.

Alafu kuna mkanda, ambao hauna uhusiano wowote na bei. Pita kijiwe chochote sasa hivi uangalie: moja iko kwenye tangi, moja imening'inia kwenye kioo cha pembeni, moja imepandishwa juu ya paji la uso kama kofia ya mzee wa mjini, kishikizo kimevunjika siku nyingi mkanda umefungwa na kamba ya kiatu. Helmeti isiyofungwa inatangulia yenyewe kabla kichwa hakijafika chini, iwe ya laki tatu iwe ya bure. Ukiwa dukani funga mkanda, shika helmeti kwa nyuma chini kabisa, sukuma kwenda mbele. Ikikuvuka kichwa irudishe kwenye rafu, hata wakupunguzie bei.

Kwenye majaketi na suruali ndo hela nyingi inapotea. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Liz de Rome mwaka 2011 walitoa utafiti wa watu 212 waliopata ajali za pikipiki, wakakuta waliovaa suruali za pikipiki uwezekano wa kulazwa hospitali ulikuwa kama nusu tu ya wasiovaa, na wenye glovu hata chini ya hapo. Humohumo wakakuta zaidi ya robo ya hayo majaketi, suruali na glovu yaliharibika kwenye ajali yenyewe, yaani mtu kalipia kinga na kinga imechanika ilipohitajika. Na sisi Dar tuna shida yetu nyingine, joto. Jaketi la ngozi la mbio za pikipiki kubwa za Ulaya, Februari saa nane mchana kwenye foleni ya Ubungo, utalivua tu, na likishakuwa limefungwa kwenye keria halimkingi mtu. Bora la wavu lenye pedi kwenye kiwiko na bega ambalo utavaa kila siku. Wengine tunapata majaketi mazuri na buti nzito mitumba pale soko la Karume kwa bei ya kueleweka, angalia mishono tu. Helmeti ya mtumba usiguse, hujui imeshagonga nini.

Mimi kama ni kumshauri dereva mwenye laki moja na hamsini mfukoni, hela nyingi iende kwenye helmeti inayofunika mpaka kidevu, inayobaki inunue glovu na viatu vya kufunika kifundo. Mtu akianguka kiganja ndo kinatangulia, na fundi au dereva aliyechubuka viganja vyote viwili hata kula ni kulishwa. Kandambili sizungumzii, wenyewe mmeona miguu ya watu ilivyo na makovu ya eksozi.

Abiria naye. Akina dada wengi wanakataa helmeti ya boda na siwalaumu, ina jasho la watu ishirini, inaharibu nywele alizolipia. Kigali abiria wanavaa lakini, na wao wana nywele. Kikofia chepesi cha nailoni cha kuvaa chini yake ni bei ya soda.

Nije kwa wenye pikipiki, maana ndo hasa nilitaka kuwafikia. Wengi wa hawa vijana wako kwenye mkataba, kila jioni wanapeleka hesabu, yaani hela ya siku, kwa mwenye chombo, kinachobaki ni mafuta na ugali. Bosi ananunua chombo cha milioni mbili na ushee, anakikatia bima, anakifunga na kifaa cha kukifuatilia kisiibiwe, alafu kichwa kitakachoendesha anakipa ile helmeti ya ofa iliyokuja na pikipiki. Akiiweka nzuri kwenye mkataba, hela yake irudi kidogo kidogo kwenye hesabu, hakuna atakayeisikia.

Na isisemwe haiwezekani kwa bei hiyo. Jean Todt, mjumbe maalum wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa usalama barabarani, miaka yote hii amekuwa akiipigia debe helmeti iliyofikia kiwango cha Umoja wa Mataifa kwa chini ya dola 20, hapo ni kama elfu hamsini ya kwetu. Mbona maduka ninayopita mimi haipo?

Kwahiyo mhariri nina ombi. Mtume mwandishi wenu na fundi mwenye msumeno, wanunue helmeti tano za bei tofauti pale Kariakoo, wazipasue katikati, mtuchapie picha za ndani na bei ya kila moja chini yake, na Shirika la Viwango, TBS, mwaulize wanasemaje kuhusu zile zenye sponji. Mkikosa ya kuanzia mimi ninayo moja stoo, nitaileta mwenyewe ofisini kwenu.

Mwendesha pikipiki,
Mbezi, Dar es Salaam